KUSHUSHA GIA SIO KUSHUKA HADHI: Povu kwa dada wa baiskeli limekosa mwenyewe

Picha yenyewe ni ya kawaida sana. Tairi la nyuma la baiskeli, cheni mpya inang'aa, na gia za nyuma zimepangana kama ngazi, ile kubwa kabisa imekuwa pana kama kisahani cha chai. Chini yake maneno sita tu: "Nimeshusha gia. Tunarudi Lushoto mwezi ujao."

Basi. Hakuna kingine. Lakini kwa povu lililofuata ungedhani dada wa watu kauza kiwanja cha familia.

"Umeiua baiskeli." "Hizo ni gia za bibi." "Mashine ya mbio unaifanya baiskeli ya kwendea sokoni?" "Mlima umekushinda, sema tu umekushinda." Na ile iliyopata likes kuliko zote, kutoka kwa kaka mmoja wa mazoezi mwenye wafuasi wake wa kutosha mjini: mwanaume wa kweli anabadilisha miguu, habadilishi gia.

Kumbuka aliyekuwa anaambiwa hivyo ni mwanamke. Lakini hilo tuliache kwanza, kuna mengi ya kuzungumza.

STORI ILIANZIA WAPI

Kwa ambao hamkuwepo, dada huyu ni sauti inayojulikana redioni na sura yake inaonekana kwenye matangazo mawili matatu. Mwaka huu kaingia kwenye baiskeli kama vijana wengi wa Dar walivyoingia: asubuhi ya Jumamosi, kundi, picha pale Daraja la Tanzanite, halafu chai na chapati. Akanunua baiskeli ya mbio ya mtumba, ile yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Baiskeli nzuri, fremu nyepesi, imeshuka kwenye kontena kutoka Ulaya, na bei yake ilikuwa robo tu ya bei ya mpya.

Dar haikuwa na shida. Masaki tambarare. Barabara ya Bagamoyo mpaka Bunju, vilima vidogo vidogo, unavimeza. Akajiona kaiva. Kundi likapanga safari ya Lushoto, na yeye akawa wa kwanza kulipia.

Anayeijua ile barabara anajua. Pale Mombo unaiacha barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, unakata kulia, na kuanzia hapo ni kupanda na kona, kupanda na kona, jabali upande mmoja na korongo upande wa pili, mpaka Soni, halafu mpaka Lushoto mjini. Ni kilomita 30 na kitu, na unapanda karibu mita 1,000 kwenda juu. Sio mlima wa kukuua kwa mara moja. Ni mlima wa kukumaliza taratibu.

Kabla ya Soni dada akashuka. Akaanza kusukuma. Mwenzake mmoja akachukua video ya sekunde kama kumi na tano: jezi kali, miwani ya bei, kofia ngumu, baiskeli inang'aa, na mwenye baiskeli anatembea. Nyuma yake bodaboda anampita na magunia ya kabichi huku akimpigia honi ya pole. Mengine unayajua. Watu wakacheka siku tatu nzima. "Baiskeli ya laki kibao, mguu wa buku." Kuna waliomwekea na wimbo wa msiba.

Dada akakaa kimya wiki kadhaa. Marafiki zake wanasema baiskeli ilikuwa imeshapigwa picha za kuuzia. Na hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Mtu mzima, mwenye afya, anayependa kitu chake, alikuwa anakaribia kukiacha kabisa kwa sababu ya gia mbili tatu ambazo hazikuwa za mwili wake wala za barabara yake. Wangapi wameshaacha hivyo hivyo? Ingia kwenye kurasa za kuuza vitu vya mtumba uone "baiskeli ya mbio, imetumika mara nne tu". Zipo nyingi. Kila moja ina kilima chake nyuma yake.

BAISKELI ILIKUWA YA NANI KWANZA?

Hili wanaocheka hawajawahi kujiuliza. Baiskeli nyingi za mbio za mtumba zinazoshuka kwenye makontena ni za zamani kidogo, zimetengenezwa enzi ambazo mtindo ulikuwa mmoja: mbele, pale penye pedali, maduara mawili ya meno, kubwa 53 na dogo 39. Nyuma, gia kubwa kabisa, ambayo ndiyo nyepesi, ina meno 23 au 25. Huo ulikuwa mpangilio wa watu wa mashindano, watu ambao kazi yao ni kuendesha baiskeli saa nne au tano kwa siku na kula kwa ratiba. Kampuni zilikuwa zinawauzia watu wa kawaida baiskeli hizo hizo kwa sababu mnunuzi alitaka kufanana na bingwa.

Kwa hiyo dada wa redio, anayelala saa sita usiku na kuamka saa kumi kwa ajili ya kipindi cha asubuhi, alinunua gia za mtu mwingine kabisa. Ni sawa na kununua suti ya mtumba iliyoshonewa mchezaji wa kikapu, halafu watu wakucheke kwamba wewe ndiye mfupi. Suti inapelekwa kwa fundi. Hakuna anayekuambia urefuke.

Sasa tuweke namba mezani, kwa sababu povu halina namba.

Tairi la baiskeli ya mbio likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.1. Ukiwa na meno 39 mbele na 23 nyuma, kila ukizungusha pedali duara moja unasogea kama mita 3.56. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, ambayo ni polepole, spidi yako ni karibu kilomita 13 kwa saa. Kwenye mlima wa asilimia 8, yaani kila mita 100 unapanda mita 8, mtu wa kilo 70 na baiskeli ya kilo 10 anahitaji kutoa kama wati 240 ili abaki kwenye spidi hiyo. Wati 240 kwa dakika tano, vijana wengi wenye mazoezi watatoa. Kwa saa nzima? Hao ni wachache sana.

Sasa badilisha: mbele 34, nyuma 32. Duara moja la pedali linakusogeza mita 2.23. Mizunguko ile ile 60 kwa dakika inakupa kilomita 8 kwa saa, na mlima ule ule unakudai kama wati 150. Hiyo mtu wa kawaida mwenye mazoezi ya wikiendi anaweza kuibeba kwa muda mrefu, anahema lakini anaongea.

Mlima haujabadilika. Mwili haujabadilika. Kilichobadilika ni mkataba kati yao.

Na ukiwa na gia nzito hukosi tu kufika. Ukishindwa kuzungusha mara 60 unazungusha mara 35, na hapo kila mkanyago unabeba mzigo karibu mara mbili. Goti ndilo linalolipa. Halafu baiskeli ikienda polepole huku unakanyaga kwa nguvu zote inayumba kushoto na kulia, na kwenye barabara nyembamba yenye Coaster zinazotoka konani, kuyumba sio mchezo. Kwa hiyo wanaosema "komaa tu na gia hiyo hiyo" wanatoa ushauri ambao bili yake inakwenda kwa mwingine.

ALICHOFANYA NI HIKI, NA SIO UCHAWI

Kinachochekesha zaidi ni kwamba wanaosema "ameiua baiskeli" hawakuuliza kilichofanyika. Yeye mwenyewe alieleza kwa utulivu, akiwajibu waliouliza kistaarabu.

Alikwenda kwa fundi wa mtaani anayejua baiskeli za gia. Fundi hakukimbilia spana. Alianza kuhesabu meno. "Dada'angu, wewe mbele una 39, nyuma 23. Umepandaje hata huo mlima nusu?" Halafu akaangalia bolti tano zinazoshika maduara ya mbele kwenye krenki. Kwenye krenki nyingi za zamani za mbio, duara la hizo bolti lina kipenyo cha milimita 130, na hapo huwezi kufunga duara la meno chini ya 38. Maana yake, ukitaka 34 mbele unabadilisha krenki nzima, na hapo gharama inapanda. Kuna aina nyingine ya milimita 110, hiyo inakubali 34 bila shida.

Kwa hiyo fundi akasema: tuanzie nyuma. Huo ndio ushauri wa maana kuliko yote kwenye stori hii. Ukishusha mbele peke yake, kutoka 39 kwenda 34, unapata unafuu wa kama asilimia 13. Ukibadilisha nyuma peke yake, kutoka 23 kwenda 32, unapata kama asilimia 28. Nyuma kunalipa zaidi, na spea zake zinapatikana kirahisi kwa sababu baiskeli za milimani za mtumba zimejaa.

Ila nyuma nako kuna masharti. Kwanza ujue kama una kaseti au friwili. Kaseti inachomekwa kwenye kitovu cha gurudumu na kukazwa kwa nati yake maalum. Friwili ya zamani inajikaza yenyewe kwa nyuzi za skrubu. Haziingiliani. Pili, uhesabu gia zako ni ngapi: kama ni tisa, tafuta kaseti ya tisa, usilazimishe kumi. Tatu, ule mkono unaohamisha cheni nyuma. Kwenye baiskeli za mbio za zamani mkono huo ni mfupi, umetengenezwa kwa meno 27 au 28 hivi. Ukiufungia kaseti ya 32 utakwaruza au utagoma kabisa. Unahitaji mkono mrefu.

Na hapa pana mchongo ambao mafundi wazoefu wanaujua: kwa baiskeli za Shimano za gia nane au tisa, mkono wa nyuma wa baiskeli ya milimani wa gia tisa unaelewana vizuri na levo za baiskeli ya mbio. Waya unavutwa kwa kipimo kile kile. Kwa hiyo mkono mrefu wa mtumba kutoka kwenye baiskeli ya milimani iliyopinda fremu, kaseti ya 11 mpaka 32, na cheni mpya. Vitu vitatu. Jumla, kwa maelezo yake, haikufika hata nusu ya bei ya simu iliyomrekodi akisukuma.

Cheni lazima iwe mpya na iwe ndefu. Ndefu kwa sababu gia kubwa inakula cheni zaidi, na ukiacha ya zamani, siku utakapoweka kubwa mbele na kubwa nyuma kwa bahati mbaya, cheni inakazika na kuukata ule mkono. Mpya kwa sababu cheni iliyochakaa inarefuka, na ikikutana na meno mapya inaruka. Kipimo chake ni rahisi, rula tu: pini 24 za cheni mpya zinachukua inchi 12 kamili. Zikizidi hata kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imeanza kuchoka, na kaseti mpya hustahili kuifungia cheni hiyo.

Fundi akamaliza na kitu ambacho dada hakukiomba: breki. Akabadilisha raba za breki na waya zake. "Gia itakupandisha," akamwambia, "lakini kushuka Soni ni breki, mdogo wangu." Hiyo ndiyo tofauti ya fundi na mfungaji wa spea.

Miezi miwili baadaye akabahatika kupata krenki ya 50 na 34 ya mtumba inayoingia kwenye fremu yake. Akaifunga, na ule mkono wa mbele unaohamisha cheni ukashushwa kidogo kwa sababu duara kubwa limepungua. Sasa ana 34 mbele na 32 nyuma. Hiyo ndiyo picha iliyoleta povu.

"LAKINI..." TUYAJIBU MOJA MOJA

Sio kila aliyepinga ni mjinga. Kuna hoja tatu zenye akili, na zinastahili jibu.

Ya kwanza: mazoezi. Kweli kabisa, ukifanya mazoezi miguu inakuja. Lakini mazoezi yenyewe unayafanyia wapi kama kilima cha kwanza tu kinakushusha? Mtu anayeweza kupanda akiwa amekaa kwenye kiti dakika arobaini anajenga mwili kuliko anayekanyaga dakika nne na kusukuma thelathini na sita. Gia nyepesi ndiyo inayokupa nafasi ya kufanya hayo mazoezi unayoambiwa.

Ya pili: spidi ya juu. Wanasema utapoteza gia nzito za tambarare. Hesabu: 50 mbele na 11 nyuma, kila duara la pedali unakwenda zaidi ya mita 9.5. Ukizungusha mara 90 kwa dakika uko zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Nani mjini anakosa spidi hapo? Kinachopotea kweli ni kingine: kwenye kaseti pana, hatua kati ya gia na gia zinakuwa kubwa, kwa hiyo ukiwa kwenye kundi tambarare wakati mwingine unakosa ile gia ya katikati inayokukaa sawasawa. Hiyo ni hasara ya kweli. Kwa mtu wa mashindano ina maana. Kwa mtu wa chai na chapati, anaizoea wiki ya pili.

Ya tatu: thamani. "Baiskeli ya zamani ukiigusa inapoteza bei." Ndiyo, kuna fremu za kukusanywa, za kuwekwa ukutani. Hata hizo, spea za mwanzo unazifunga kwenye gazeti, unaziweka kwenye boksi chini ya kitanda. Siku ya kuuza unazirudisha. Hakuna kilichokatwa wala kuchomelewa. Ila baiskeli inayokaa ukutani kwa sababu mwenyewe anaogopa kilima imeshapoteza thamani kabla hata hujaiuza.

Na tuseme ukweli mwingine: kama njia zako ni Masaki, Mbezi Beach na Bunju, na hujawahi kushuka baiskeli kwa sababu ya mlima, usitumie hata senti. Baki na 39 yako na 23 yako. Kubadilisha gia kwa sababu dada wa redio kabadilisha, huo nao ni ushamba ule ule wa kununua 53 kwa sababu bingwa anayo. Hesabu barabara yako, sio barabara ya Instagram.

HATA WAKUBWA WALIPITIA HAPA

Hii kejeli sio mpya, na haikuanzia Bongo. Henri Desgrange, yule Mfaransa aliyeanzisha Tour de France mwaka 1903, hakuzipenda kabisa mashine za kubadilisha gia. Aliona ni za watu dhaifu. Kwa miaka mingi waendeshaji wa Tour walifika chini ya mlima, wakashuka, wakafungua gurudumu la nyuma na kuligeuza ili watumie gia ya upande wa pili. Ilikuwa mpaka mwaka 1937 ndipo mashindano yale yaliporuhusu mashine ya kuhamisha cheni. Leo hakuna hata mmoja anayeshindana bila hiyo, na hakuna anayewaita bibi.

Njoo karibu na nyumbani. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na baiskeli alijifunzia Kenya, kisha akashinda Tour de France mara nne. Mwaka 2013 alipowaacha wenzake kwenye mlima wa Mont Ventoux, kilichowashangaza watu ni namna alivyofanya: akiwa amekaa kwenye kiti, miguu inazunguka kwa kasi kama feni, gia nyepesi. Kejeli hazikukosekana kwamba hana mtindo. Mtindo ulibaki nyuma, yeye akafika juu.

Na baiskeli za juu kabisa za sasa? Shimano walipotoa Dura-Ace mpya mwaka 2021, ambayo ndiyo daraja lao la mabingwa, kaseti zake zilikuja mpaka meno 30 na mpaka meno 34. Yaani bingwa anayelipwa kupanda milima anauziwa gia kubwa kuliko ya dada aliyechekwa. Halafu huku mtu anamwandikia "gia za bibi". Basi bibi huyo anashinda mashindano.

ALIYECHEKWA NA ASIYECHEKWA

Siku moja amka mapema, kaa barabara ya kutoka Kisarawe kupitia Pugu. Utawaona jamaa wa mkaa. Baiskeli ya chuma isiyo na gia hata moja, magunia mawili au matatu nyuma, mzigo mzito kuliko mwenyewe. Wakifika kwenye kupanda wanashuka, wanainama, wanasukuma. Hakuna anayewarekodi na kuwawekea wimbo. Kila mtu anaelewa: mzigo mzito, mlima mrefu, mtu anatafuta riziki. Anashuka kwa akili zake, anapanda tena kwa akili zake.

Sasa kwa nini dada akishuka ni aibu? Kwa sababu ya jezi. Kwa sababu jezi iliahidi kitu ambacho gia haikuwa nacho, na mjini kosa kubwa sio kushindwa, ni kushindwa ukiwa umependeza. Na akiwa mwanamke, povu linaongezwa sukari. Wanaume watatu kwenye kundi lile lile walisukuma siku ile ile, kona chache juu yake. Hakuna aliyewarekodi. Ndio maana ile kauli ya "mwanaume wa kweli habadilishi gia" ilipendwa sana: iliwapa wengi mahali pa kujificha.

Na yule kaka wa mazoezi aliyeiandika? Wanaomfuata wanajua kwamba tangu mwezi uliopita yuko kwenye kile alichokiita "mapumziko ya goti". Baiskeli yake, ambayo haijaguswa gia hata moja, iko sebuleni. Wapo walioanza kumcheka. Wasimcheke. Kumcheka ni kurudia kosa lile lile na kubadilisha tu jina la mwenye baiskeli. Alichohitaji huyu kaka ni kile kile alichohitaji dada: mtu wa kumhesabia meno na kumwambia, kaka'angu, hii gia haikutengenezwa kwa ajili yako, na hiyo sio dhambi.

Lushoto walirudi Jumamosi iliyopita. Dada alifika wa mwisho katika watu tisa. Alisimama mara moja tu, Soni, akanywa maji na kula ndizi mbili, halafu akapanda tena. Hakuna video ya kupanda. Kuna picha moja tu ya mchana, baiskeli tisa zimeegemea ukuta wa mgahawa, na kati ya hizo, nne zina gia kubwa za nyuma ambazo safari iliyopita hazikuwepo. Watu wanne walikwenda kwa fundi kimya kimya. Wawili wao walikuwa wameandika "umeiua baiskeli".

Na wewe mdau, gia yako kubwa ya nyuma ina meno mangapi? Nenda kahesabu kwanza, halafu ndio urudi utoe povu hapo chini.